Plasta ya Dawa na Mgongo Unaouma

(Maongezi ya mganga wa zahanati mbele ya wanakisomo)

 

Leo nimeombwa nizungumze juu ya maumivu ya mgongo. Habari hii si ngeni kwa mtu yeyote aliyekaa hapa. Mwenye jembe anaijua. Mama anayeteka maji anaijua. Hata fundi wa cherehani, ambaye sisi humwona kama mtu wa kukaa kivulini tu, jioni akiinuka hushika kiuno. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani kiuno. Ni kama mtu 1 katika kila watu 13. Mimi nadhani katika kijiji cha wakulima ni wengi zaidi ya hapo.

Lakini kilichonitoa zahanati leo ni plasta.

Siku hizi wapo wazee wenye watoto wao Ulaya na Marekani. Mtoto akija likizo, au akimpata mtu wa kumtuma, huleta dawa. Miongoni mwa dawa hizo mna plasta za kubandika mwilini. Mtoto anasema: "Baba, kule wenye mgongo hubandika hii wakarudi kazini." Baba anabandika. Siku ya pili anajisikia mwepesi. Jirani anaona, anasema: "Ndugu, hata mimi mgongo wanisumbua, nigawie moja." Na sisi watu wa kijiji hatuna desturi ya kumnyima jirani dawa.

Hapo pana kifo, ndugu zangu. Sisemi hivyo ili kutisha watu. Nitaeleza polepole, na mwisho mtaniuliza maswali.

Plasta mbili ambazo si ndugu

Plasta za maumivu ziko za namna mbili, na kwa macho zinaweza kufanana.

Ya kwanza mnaijua. Inauzwa dukani. Ukiifungua inanukia kama dawa ya kuchua. Ukiibandika unasikia baridi, halafu moto. Hiyo hufanya kazi pale pale ulipoibandika. Ukibandika begani, kiuno hakipati kitu.

Ya pili ni ngeni kwetu. Ni nyembamba, haina harufu wala moto, na nyingine unaweza kuona ngozi chini yake, kama karatasi ya nailoni. Ndani yake imo dawa ya jamii ya afyuni. Mofini ni ya jamii hiyo, na hata heroini, ile wanayoiita unga huko mjini, ni ya jamii hiyo hiyo. Dawa zinazotiwa katika plasta ni mbili hasa: fentanili na buprenofini. Fentanili ilitengenezwa na daktari mmoja wa Ubelgiji, Paul Janssen, kiasi cha mwaka 1960. Plasta yake iliruhusiwa Marekani mwaka 1990.

Plasta hii haifanyi kazi pale inapobandikwa. Dawa hupenya ngozi, huingia katika damu, na damu huipeleka kwenye ubongo. Ubandike kifuani, ubandike mkononi, ni sawa na mgongoni. Sasa mtazameni mtu aliyezoea plasta ya dukani. Mgongo unamuuma juu na chini. Anabandika moja juu, moja chini, na ya tatu kwenye goti kwa kuwa nalo linauma. Kwa plasta ya dukani atachubuka ngozi, basi. Kwa hii anaweza kulala asiamke, maana dawa za afyuni huzima maumivu, lakini pia huusahaulisha ubongo kazi ya kupumua.

Fanyeni hesabu pamoja nami

Mmejifunza hesabu, basi leo tuitumie. Kwenye pakiti ya fentanili mtaona namba: 12, 25, 50, 75 au 100. Hiyo ni idadi ya maikrogramu zinazoingia mwilini kila saa. Chukua gramu 1 ya kitu, igawe mafungu 1,000,000. Kila fungu ni maikrogramu 1. Plasta ya 25 hukaa mwilini saa 72, yaani siku 3. Zidisheni 25 mara 72. Jibu ni maikrogramu 1,800. Dawa yote ya siku 3 haifiki uzito zaidi ya punje chache za sukari. Lakini inatosha kumwua mtu ambaye mwili wake haujazoea. Kipimo kwa kipimo, fentanili ina nguvu mara 50 mpaka 100 kuliko mofini.

Ndiyo maana madaktari wa huko huko inakotoka wameagizwa hivi: plasta ya fentanili asianzishiwe mtu ambaye hajazoea dawa nzito za jamii ya afyuni. Ya buprenofini ni ya nguvu ndogo kuliko hiyo, na aina moja hukaa siku 7. Daktari anaweza kuanza nayo. Hata hivyo nayo ikikutana na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukatika.

Kuna jambo jingine. Plasta haina haraka. Ukiibandika asubuhi, nguvu yake kamili inaweza kuja usiku au kesho yake. Kwa hiyo mtu anabandika moja, mpaka mchana haoni nafuu, anaongeza ya pili. Usiku zote mbili zinamjia pamoja. Na ukiibandua haiishi papo hapo, kwa kuwa dawa iliyokwisha jikusanya chini ya ngozi huendelea kuingia katika damu. Kesho yake bado imo.

Je, inamrudisha mtu shambani?

Hili ndilo swali lenyewe. Mtu wa mgongo hapendi dawa kwa ajili ya dawa. Anataka ainuke kitandani bila kushikwa mkono, ateke maji yake, apalilie, aende msikitini au kanisani kwa miguu yake. Basi dawa ya mgongo tuipime kwa kazi.

Watu wameipima. Kule Minneapolis, Marekani, madaktari waliwachukua wagonjwa 240 waliokuwa wamepata kuwa askari. Wote walikuwa na maumivu sugu ya mgongo, au ya nyonga na magoti. Wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa za jamii ya afyuni, kwanza vidonge, na wale waliohitaji zaidi waliweza kupandishwa mpaka plasta ya fentanili. Kundi la pili lilipewa dawa za kawaida, kuanzia zile za jamii ya Panadol na ibuprofeni. Wakawafuata miezi 12, wakiwauliza: maumivu yanakuzuia kiasi gani kutembea, kufanya kazi, kulala, kukaa na watu? Alama 0 ni kutozuiwa kabisa, alama 10 ni kuzuiwa kabisa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Makundi yote mawili yalianza na alama kama 5 na nusu. Baada ya mwaka, kundi la afyuni lilikuwa na alama 3.4. Kundi la dawa za kawaida lilikuwa na 3.3. Mnaona? Kwa upande wa kazi, dawa nzito haikushinda. Na kwa upande wa maumivu yenyewe, wale wa dawa za kawaida walikuwa afadhali kidogo: 3.5, na wenzao 4.0. Madhara ya dawa yalikuwa mengi zaidi kwa wale wa afyuni.

Nisiwafiche kuwa ziko tafiti zilizoisifu plasta. Moja ya Marekani, iliyotangazwa mwaka 2011, ilijaribu plasta ya buprenofini kwa wenye mgongo sugu muda wa wiki 12. Waliobandika dawa walipata nafuu zaidi kuliko waliobandika plasta tupu. Lakini soma ukurasa wa ndani. Walioanza kujaribiwa walikuwa 1,024. Walioingizwa katika shindano lenyewe ni 541. Toeni hiyo: 483 waliachwa nje kabla shindano halijaanza. Wengi wao dawa haikuwasaidia, au iliwasumbua kwa kichefuchefu, kizunguzungu na mengineyo. Huko ni kama kupima jembe jipya baada ya kuwaondoa shambani wote waliochubuliwa na mpini wake. Tena wiki 12 ni msimu mmoja wa mahindi, wakati mgongo sugu ni jambo la miaka.

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu sugu ya kiuno. Mwongozo huo unasema dawa za jamii ya afyuni zisitumiwe kama tiba ya kawaida ya ugonjwa huo. Hata mikanda ya kufunga kiuno, ile inayouzwa minadani, haikupendekezwa.

Kwa nini dawa nzito ishindwe na mgongo? Mwili huzoea. Plasta ya leo inatuliza, baada ya miezi kipimo hicho hicho hakitulizi tena, mtu anataka zaidi. Huku choo kinakuwa kigumu, usingizi wa mchana unamshika, kichwa kinazunguka. Mtu wa namna hiyo mpandishe mnazi, au mpe pikipiki, uone. Wazee huanguka na kuvunjika nyonga. Wanaume wengine hupoteza hamu ya tendo la ndoa, wakadhani wamerogwa.

Na siku plasta zikiisha? Mtoto aliyeko Ulaya amechelewa kutuma. Mzee aliyebandika mwaka mzima anaanza kutoka jasho, kamasi, kuharisha, kutetemeka, na mgongo unauma kuliko mwanzo. Hii si malaria, ni mwili unaidai dawa yake. Aliyekwisha zoea asiache ghafla. Daktari hupunguza kipimo kidogo kidogo.

Jua, homa, pombe na watoto

Ndugu zangu, plasta hizi zilitengenezwa katika nchi za baridi. Joto hufungua ngozi na kuvuta dawa nyingi kwa mara moja. Wenye kuitengeneza wenyewe wanasema joto la mwili likifika digrii 40, dawa katika damu inaweza kupanda kwa kiasi cha theluthi moja. Digrii 40 kwetu ni nini? Ni homa ya malaria ya siku moja. Ukiongeza kuota moto usiku wa baridi, kukanda kiuno kwa maji ya moto juu ya plasta, na kulima juani tangu alfajiri mpaka saa sita, mnaelewa ninachosema.

Pombe nimeitaja. Gongo na plasta hii usivikutanishe kamwe.

Sasa mama zangu, nisikilizeni hapa. Plasta iliyokwisha tumika siku 3 bado ina dawa nyingi ndani. Mtu anaibandua, anaitupa uani. Mtoto anayetambaa anaiokota, anaitia mdomoni au inamnata. Au usiku inabanduka kwa bibi na kumnata mjukuu anayelala naye kitanda kimoja. Mwaka 2012 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza habari za watoto 26 waliopatwa na ajali za plasta ya fentanili katika miaka 15. Watoto 10 walikufa, 12 walilazwa hospitali. Kumi na sita kati ya wote walikuwa wa miaka 2 au chini yake. Na hao walikuwa katika nchi yenye simu ya kuita gari la wagonjwa.

Plasta iliyotumika ikunjwe katikati, upande wenye gundi ndani, ushikane wenyewe. Kisha itumbukizwe chooni saa hiyo hiyo, au irudishwe hospitali. Isitupwe jalalani kuku wakaichakura.

Dalili za mtu aliyezidiwa ni hizi. Analala usingizi usio wa kawaida, ukimtikisa haamki vizuri. Anakoroma kwa namna ya kubanwa. Anapumua mara chache. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Midomo na kucha vinabadilika rangi. Bandua plasta zote, mtafute mwili mzima, hata mgongoni na chini ya nguo. Mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa wala chochote cha kunywa. Mkimbize kituo cha afya au hospitali, na pakiti ya plasta uichukue, ili mganga ajue ni dawa gani. Ipo sindano iitwayo naloksoni inayoiondoa nguvu ya dawa hizi, lakini mgonjwa lazima afike angali anapumua.

Nakumbusha na sheria. Fentanili imo katika orodha ya dunia ya dawa za kulevya tangu mwaka 1964, na hapa Tanzania tunayo sheria ya kupambana na dawa za kulevya ya mwaka 2015. Mtoto anayetia plasta hizi katika begi bila kibali anaweza kujikuta mikononi mwa polisi akidhani anamtendea baba yake wema.

Mgongo wenyewe

Kabla ya dawa yoyote, mgongo utazamwe. Mwenye kiuno kinachouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, aje upesi. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, huingia hata katika uti wa mgongo na kula mifupa, na mtu akichelewa hubaki na kibyongo au kupooza. Kinatibika kwa dawa za miezi kadhaa, wala hulipi. Fikirieni mtu wa namna hiyo akibandika plasta: maumivu yanazimwa, ugonjwa unaendelea kula. Mwingine wa kuja bila kuchelewa ni yule ambaye miguu inaishiwa nguvu, au mkojo unamtoka au unakataa kutoka, au anahisi ganzi katikati ya mapaja. Huyo asingoje kesho.

Wengi hawana hayo. Wana mgongo uliochoka. Kwao jambo la kwanza ni kutolala kitandani wiki nzima. Tembea, hata kama ni mpaka kwa jirani na kurudi, kesho ongeza kidogo. Mpini wa jembe uwe mrefu ili usilime umepiga magoti kwa kiuno, kama nionavyo hapa majembe ya mpini wa shubiri tatu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, mbali na ndoo yenyewe. Beba nusu mara mbili. Najua mtasema kisima kiko mbali, na mnasema kweli. Basi baba na vijana nao wachukue ndoo. Kuinua mzigo, chuchumaa, uukumbatie karibu na tumbo, uinuke kwa nguvu za miguu.

Vidonge vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki husaidia siku chache. Visiwe chakula cha kila siku. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasivinunue wenyewe dukani.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: "Mganga, dada yangu ana saratani ya kizazi, na hospitali wamempa mofini ya maji. Je, tuimwage?"

Hapana, mama! Msiimwage. Dawa hizi zina mahali pake, na mahali pake ndipo hapo. Maumivu ya saratani si maumivu ya jembe. Hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam huwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji, na jirani zetu wa Uganda wameitumia tangu mwaka 1993. Uganda tangu 2004 hata wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wameruhusiwa kuiandika. Mpe dada yako kwa saa alizoandikiwa, usimpunje kwa kuogopa. Chupa iwekwe juu, mtoto asiifikie. Na daktari wa saratani akimwandikia plasta, abandike kama alivyoelekezwa.

Mzee mmoja akauliza: "Na sisi tulio nazo nyumbani, tukizileta tutashtakiwa?"

Babu, leteni kwangu, mimi si polisi. Mtu ambaye hajaanza kuitumia aniletee ikiwa ndani ya pakiti yake, nami nitaipeleka hospitali ya wilaya. Aliyekwisha zoea kubandika asiitoe mwenyewe. Aje nayo hivyo hivyo ilivyo mwilini, aje na mtu wa nyumbani kwake, tuone atapunguzaje. Jumanne na Ijumaa asubuhi nipo zahanati.